Tundu la Saba

Zilikuja kwa posta, moja kila robo mwaka,
katika bahasha ngumu yenye stempu ya kisiwa
ambacho baba hakukijua wala hakukitafuta kwenye ramani.
Karani wa mizigo, stesheni ya Dodoma,
Yeremia Madeje, mtu wa kalamu mbili mfukoni,
alikata mshahara vipande
anunue fedha isiyonunua kitu.

Mama ndiye aliyesema hivyo, si mimi.
"Pesa ya kununua pesa!"
akageukia ungo, akapepeta uwele kwa hasira,
makapi yakaturukia sote.

Kisanduku cha mninga, matundu saba,
mahameli ya kijani,
kijani tusichokiona tangu Mei.
Usiku, kabla ya sala, baba alizitoa kwa kitambaa,
kidole kisiguse,
akazisogeza karibu na koroboi.
Hii piramidi, ndiyo pekee ingali imesimama.
Hili jitu la shaba; tetemeko lililikata magoti.
Kwenye hekalu la Artemi alicheka,
maana Efeso, alisema, wafua fedha walishiba
kwa kuuza vihekalu vidogo vya fedha,
"na mimi ndiye mteja wao wa mwisho."

Ya saba ilikuwa Bustani za Babeli.
Ngazi juu ya ngazi, miti imeinama ukingoni,
na maji (mchongaji alithubutu kuchonga maji!)
yakishuka kwa mistari myembamba kama unywele.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa na kiu.
Foleni ya bombani Makole
ilikuwa ndefu kuliko treni ya mizigo.

Nikaiiba.

Dukani kwa Mama Isere niliomba barafu ya ukwaju.
Aliipima kiganjani, akaigonga mezani, akasikiliza.
"Hii imezaliwa wapi?"
Nikasema Babeli.
Hakucheka. Alichukua nyundo na msumari
akaigongomea kwenye kaunta,
kando ya mia za bandia na kitufe cha koti,
iwe onyo.
Kisha akanipa barafu.
Hadi leo sijui kwa nini alinipa.

Baba hakunichapa. Hata kuuliza hakuuliza.
Aliendelea kufungua kisanduku, kufuta zile sita,
na akifika tundu la saba
alifuta mahameli.

Miaka ikapita, nikasoma mahali
kwamba maajabu sita yana anwani:
misingi imepimwa, miji inajulikana,
mawe mengine yamewekwa kwenye makabati ya vioo.
Bustani peke yake hazijaonekana.
Wamechimba, wamechimba.
Huenda hazikuwahi kuwapo.

Nilimpelekea habari hiyo wodini, Jenerali,
na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai.
Nikaanza mbali, nikazunguka, nikafika Babeli,
nikafika kwenye nyundo.
Alikuwa amefumba macho.
"Nilikuwa naiona," alisema,
"kila nikinunua kiberiti.
Msumari ulipita ngazi ya tatu.
Maji haukuyagusa."
Akaomba uji.

Kumbe miaka yote ile
kiberiti kimoja kimoja, kila jioni,
mtu aliyeweza kununua pakiti nzima.

Duka halipo. Njia nne za lami zimepita pale,
na magari ya wakubwa hayapunguzi mwendo.
Niliwahi kusimama ukingoni nikikadiria
kaunta ilikuwa wapi, mtaro au alama ya kivuko,
hadi askari akaniuliza nimepotelewa na nini.

Kisanduku kiko kwa mama.
Hasomi tena, miwani imemshinda,
jitu na mnara wa taa kwake ni mviringo tu, baridi.
Juzi nilikifungua nikakuta
kwenye tundu la saba mbegu za mlenda,
amezifunika kwa karatasi ya chumvi.
Nikamtazama.
"Sanduku zuri hivi," alisema,
"tundu likae bure?"